Setilaiti Ndogo na Sarufi ya Maneno Machache

Nilipokuwa mtoto Kabalo, simu za mkononi zilikuwa hazijatufikia. Habari ilisafiri kwa njia tatu: kwa gari-moshi, kwa mashua, au kwa foni. Foni ni ile redio ya sauti yenye waya mrefu uliofungwa kati ya miembe miwili, batri ya gari chini ya meza, na mtu mmoja wa zamu. Watu walipanga mstari nje tangu alfajiri. Mwenye foni alikuwa mkali. Ilikupasa utaje kituo unachokiita, kisha utaje kituo chako, useme neno lako, halafu unyamaze umsikilize mwenzako. Aliyeanza kwa kusalimia ukoo mzima alikatizwa: "Mama, batri inaisha. Sema shida yenyewe."

Shangazi yangu alikuwa muuguzi katika kituo kimoja cha afya upande wa juu wa mto. Mwaka mmoja wa kipindupindu aliagiza kwa foni mifuko sitini ya serumu. Siku hiyo kulikuwa na radi, na redio ilikuwa inakwaruza. Neno "sitini" lilifika mjini likiwa "sita". Mashua ilipotia nanga kwao ilikuwa na mifuko sita. Safari ya pili ilichukua siku nne. Shangazi hapendi kusimulia siku hizo nne, nasi hatumwulizi. Ninachojua ni kwamba tangu hapo kila alipoagiza kitu alitaja tarakimu moja moja, sita, sifuri, na hakuondoka kwenye foni mpaka mwenzake azirudie zote.

Nimemkumbuka shangazi mara nyingi mwaka huu nikisoma habari za setilaiti ndogo za bei nafuu. Wenzangu wa kitivo wameniuliza kwa nini mwanafunzi wa lugha ajishughulishe na mambo ya wahandisi. Jibu langu ndilo makala haya. Setilaiti ndogo ni nafuu kwa sababu inasema machache. Na kifaa kinachoweza kusema machache tu humlazimisha mtu ajibu maswali ambayo sisi tunayasomea: lipi lisemwe, kwa utaratibu gani, na msikilizaji atajuaje kwamba alichosikia ndicho kilichosemwa.

Mchemraba wa sentimita kumi

Setilaiti ambazo watu wengi wanazijua ni zile za televisheni, ambazo masahani ya juu ya mapaa ya Kalemie yameelekezwa kwake. Hizo hukaa karibu kilomita 36,000 juu ya ikweta, zina uzito wa tani kadhaa, na gharama yake ni mamia ya mamilioni ya dola. Setilaiti ninazozieleza hapa ni za ukoo mwingine.

Mwaka 1999 walimu wawili wa Marekani, Jordi Puig-Suari wa chuo kikuu cha Cal Poly na Bob Twiggs wa Stanford, walitafuta chombo ambacho mwanafunzi angeweza kukibuni, kukijenga na kukiona kikifanya kazi kabla hajahitimu. Waliweka kipimo: mchemraba wenye sentimita 10 kila upande na uzito wa kilo moja hivi. Wakauita CubeSat. Anayetaka nafasi zaidi huunganisha michemraba miwili, mitatu au sita. Ya kwanza ilirushwa Juni 2003.

Unafuu wake una sababu mbili. Ya kwanza ni vifaa. Ndani ya mchemraba mna saketi za aina ile ile inayotumika katika simu na kompyuta, betri ndogo, na paneli za jua kwenye kuta za nje. Antena zake mara nyingi ni vipande vya chuma chembamba kama ile mita ya fundi seremala: hukunjwa wakati wa safari na kujifyatua angani. Sababu ya pili ni usafiri. Kwa kuwa michemraba yote ina kipimo kimoja, huwekwa katika sanduku la kipimo kimoja, na mwenye roketi haogopi kuibeba pamoja na mzigo wake mkubwa. Ni kama mtu anayesafirisha gunia lake moja juu ya lori la mwingine badala ya kukodi lori zima.

Afrika ya Mashariki imekwisha kuitumia njia hiyo. Chuo Kikuu cha Nairobi, kikishirikiana na Chuo Kikuu cha Sapienza cha Roma, kilijenga mchemraba mmoja ulioitwa 1KUNS-PF. Ulitolewa kutoka Kituo cha Kimataifa cha Anga tarehe 11 Mei 2018, ukawa setilaiti ya kwanza ya Kenya. Rwanda ilifuata Novemba 2019 na RWASAT-1, ya michemraba mitatu, iliyojengwa pamoja na Chuo Kikuu cha Tokyo. Uganda ilipata PearlAfricaSat-1, iliyojengwa na wahandisi wake watatu waliokuwa wakisoma katika Taasisi ya Teknolojia ya Kyushu, Japani, na kutolewa angani Desemba 2022. Aprili 2023 Kenya ilirusha Taifa-1, na gharama iliyotajwa ilikuwa takriban shilingi milioni 50 za Kenya. Hizo ni fedha nyingi kwa mtu mmoja, lakini kwa serikali si bei ya kutisha.

Bei nafuu iliyopita karibu nasi

Neno "nafuu" katika habari za anga si geni katika mkoa wetu wa Tanganyika, ingawa vijana wengi hawajasimuliwa. Katika miaka ya 1970 kampuni ya Ujerumani Magharibi iliyoitwa OTRAG, chini ya mhandisi Lutz Kayser, ilipewa na serikali ya Mobutu haki ya kutumia eneo la kilomita za mraba zipatazo 100,000 katika Shaba ya wakati huo. Kiwanja chake cha kurushia roketi kilikuwa kwenye uwanda wa juu unaotazama bonde la Luvua. Maji ya Luvua huingia Lualaba karibu na Ankoro, kisha hushuka mpaka Kabalo na kupita chini ya daraja letu la reli.

Wazo la Kayser lilikuwa kurusha setilaiti kwa bei ndogo kwa kufunga pamoja mabomba mengi yanayofanana, kama mtu anavyofunga matete kutengeneza chelezo. Vali za injini zilifunguliwa kwa mota za kawaida zinazoendesha wipa za gari. Roketi ya kwanza ilirushwa tarehe 17 Mei 1977 na ya pili tarehe 20 Mei 1978. Ya tatu, tarehe 5 Juni 1978, ilishindwa mbele ya macho ya Mobutu mwenyewe. Mataifa makubwa na majirani walilalamika kwamba roketi hizo zingeweza kuwa silaha, na mwaka 1979 Zaire iliifungia kampuni hiyo milango. Hakuna setilaiti hata moja iliyotoka Luvua ikafika angani.

Ninaitaja habari hiyo kwa sababu inaonyesha mahali ambapo unafuu ulitafutwa zamani na mahali ulipopatikana baadaye. Kayser aliutafuta katika roketi. Kizazi cha CubeSat kiliupata katika abiria: kilimfanya abiria awe mdogo, awe na mahitaji machache, na aridhike na kiti chochote kilichobaki. Abiria huyo hulipa bei ya udogo wake afikapo juu na kutaka kuzungumza na nyumbani.

Dakika kumi za maongezi

Chukua setilaiti iliyotolewa kutoka Kituo cha Kimataifa, kilomita 400 juu ya ardhi. Inakwenda zaidi ya kilomita saba kwa sekunde na kuizunguka dunia kwa dakika 92 hivi. Mtu aliyesimama stesheni ya Kabalo ataweza kuipata kwa redio tangu inapochomoza upande mmoja wa upeo hadi inapozama upande wa pili. Njia yake ikipita juu ya utosi, muda huo ni kama dakika kumi. Ikipita pembeni, ni dakika tano au tatu. Kwa siku nzima setilaiti ya namna hiyo itapita mbele yetu mara nne au tano. Saa zilizobaki iko juu ya bahari na nchi za wengine, na sisi hatuna la kuiambia.

Nguvu yake nayo ni ndogo. Paneli za mchemraba mmoja hutoa wastani wa wati mbili hivi, na redio yake kwa kawaida hutuma kwa wati moja au pungufu. Inapochomoza iko kilomita 2,300 kutoka kwa msikilizaji, si 400. Kwa kuwa nguvu ya mawimbi hupungua kwa mraba wa umbali, sauti yake ikiwa kwenye upeo ni dhaifu mara 33 kuliko ikiwa utosini. Kwa hiyo hata zile dakika kumi si zote zinazofaa.

Kisha kuna jambo ambalo kila mtoto aliyekulia karibu na reli analijua bila kulijua. Gari-moshi likija kwa kasi huku likipiga honi, mlio wake huwa mwembamba. Likishakupita, mlio huwa mnene. Mawimbi ya redio hufanya hivyo hivyo. Setilaiti nyingi ndogo hutuma karibu na megahezi 437. Inapotujia, tunaipata karibu kilohezi 10 juu ya mahali pake; inapotuacha, karibu kilohezi 10 chini. Msikilizaji lazima azungushe redio yake polepole wakati wote wa kupita, au aiachie kompyuta kazi hiyo. Asipofanya hivyo, setilaiti itakuwa inasema naye atakuwa anasikiliza mahali pengine.

Sasa tuhesabu. Redio ya setilaiti ndogo aghalabu hutuma biti 1,200 au 9,600 kwa sekunde. Kwa biti 9,600, dakika kumi kamili zingepitisha baiti 720,000. Picha moja ya simu yenye baiti milioni tatu ingehitaji dakika 42 za kutuma bila kukatizwa, yaani mipito zaidi ya minne. Lakini makala haya unayoyasoma, yenye herufi kama 16,000, yangeshuka kwa sekunde zisizofika 14. Hata kwa biti 1,200 yasingechukua dakika mbili. Ndiyo maana nasema setilaiti ndogo ni chombo cha maandishi. Katika picha ni maskini. Katika maneno ni tajiri kuliko tunavyodhani, mradi maneno yenyewe yawe yamepangwa.

Salamu iliyopima joto

Mfano mzuri zaidi wa kupanga maneno ni wa zamani. Tarehe 12 Desemba 1961, miaka minne tu baada ya Sputnik, wapenzi wa redio wa Marekani walirusha setilaiti yao waliyoijenga wenyewe, OSCAR 1. Ilikuwa na uzito wa kilo tano hivi na nguvu ya wati 0.14, chini ya tochi. Haikuwa na paneli za jua. Betri yake ilidumu majuma matatu. Kwa majuma hayo ilirudia neno moja tu kwa alama za Morse: nukta nne, kisha nukta mbili, yaani herufi H na I, salamu fupi ya Kiingereza.

Hata hivyo salamu hiyo ilibeba habari ya pili. Kasi ya nukta ilitegemea joto lililokuwa ndani ya chombo. Aliyeshika saa na kuhesabu salamu zilizopita katika sekunde kumi aliweza kujua OSCAR ilikuwa na joto kiasi gani. Zaidi ya wasikilizaji 500 katika nchi 28 walituma taarifa zao. Mwanafunzi wa lugha ataitambua mbinu hiyo mara moja. Neno lilibeba jambo moja na namna ya kulitamka ikabeba jingine, kama vile "karibu" ya mwenye nyumba inavyokueleza, kwa sauti tu, kama kweli umekaribishwa.

Setilaiti za leo hazikuliacha jambo hilo. Nyingi hutuma kila baada ya muda mlio mfupi wa utambulisho: jina lake la wito, hali ya betri, joto. Ni salamu, na kama salamu za kwetu, ndani yake mna habari ya afya.

Baada ya salamu huja maongezi, nayo yana sarufi kali. Ujumbe hukatwa vipande vinavyoitwa pakiti. Katika utaratibu mmoja unaotumika sana, uitwao AX.25, kila pakiti huanza na alama ya kufungua, ikafuata anwani ya anayepelekewa, ndipo anwani ya mtumaji, ndipo habari, ndipo hesabu ya ukaguzi, na mwisho alama ya kufunga. Msomaji aone kwamba huo ndio utaratibu wa mwenye foni wa Kabalo: mwite mwenzako, jitaje, sema, maliza. Hakuna aliyemwiga mwingine. Wote wawili walikuwa na njia moja ya mawimbi iliyogombewa na wengi, betri inayoisha, na kelele hewani, na hali hiyo ikawafundisha sarufi ile ile.

Kilichopungua kwenye foni kilikuwa hesabu ya ukaguzi. Tuseme shangazi angeagiza mifuko 60 ya serumu, katoni 4 za sabuni na ndoo 3, kisha akaongeza neno moja: "jumla 67." Mjini wangesikia 6, 4 na 3, wangejumlisha wapate 13, na mara moja wangejua kwamba pana kosa. Wangemwomba arudie kabla mashua haijang'oa nanga. Hesabu inayofungwa mwisho wa pakiti ni ngumu zaidi ya kujumlisha, ina biti 16, lakini kazi yake ni hiyo hiyo. Haimwambii msikilizaji ukweli ni upi. Humwambia tu kwamba alichokipata hakiaminiki, naye anyamaze asubiri kingine.

Barua iliyosubiri angani

Pengine msomaji atauliza: kama setilaiti inaonekana kwa dakika kumi tu, inamsaidiaje mtu wa Kabalo anayetaka kuongea na Lubumbashi au Kinshasa? Jibu ni kwamba haimuunganishi naye kwa wakati mmoja. Huchukua barua hapa, ikaihifadhi katika kumbukumbu yake, ikaendelea na safari, na ikifika juu ya kituo kingine ikaishusha. Ni tarishi anayepita kijijini mara chache kwa siku bila kukosa.

Jambo hilo lilifanyika katika Afrika yetu kabla intaneti haijaenea. Januari 1990 Chuo Kikuu cha Surrey cha Uingereza kilirusha UoSAT-3, setilaiti yenye uzito usiofika kilo 50. Shirika la SatelLife, lililoanzishwa na Bernard Lown, daktari wa moyo wa Marekani, liliitumia kuunganisha madaktari kwa mtandao ulioitwa HealthNet. Vituo vyake vya ardhini, kompyuta moja, redio moja na antena juu ya paa, viliwekwa katika nchi kama Zambia, Tanzania na Uganda. Setilaiti ilipopita, barua za madaktari zilipanda na muhtasari wa majarida ya tiba ulishuka, kwa kasi ya biti 9,600 kwa sekunde. Septemba 1993 ikarushwa HealthSat-2 kuendeleza kazi hiyo. Kwa hospitali ambayo jarida lilichukua miezi kuifikia, kungoja saa chache kulikuwa si kungoja.

RWASAT-1 nayo ilibuniwa kwa wazo la namna hiyo: kukusanya kutoka angani vipimo vinavyotumwa na vyombo vidogo vilivyowekwa ardhini. Chombo cha kupima kimo cha maji hakihitaji maongezi marefu. Kinahitaji kusema nambari moja, mara chache kwa siku, kila siku. Ukifikiria Lualaba wakati wa masika, na vijiji vya kandokando ambako rezo ya simu hukatika au haipo kabisa, utaona thamani ya nambari hiyo moja ikifika kwa wakati.

Lazima niseme pia yasiyowezekana. Setilaiti ndogo moja haitawapa watu wa Kabalo simu wala video. Mitandao ya setilaiti inayotoa intaneti kama Starlink hutumia maelfu ya setilaiti, kila moja ikiwa na uzito wa mamia ya kilo. Huo ni mradi wa matajiri wakubwa, na mtumiaji wake ni mteja tu. Mchemraba wa chuo kikuu hautashindana nao. Lakini mchemraba unaweza kumilikiwa, kufunguliwa na kueleweka na wanafunzi wa hapa, na sarufi ya maongezi yake wanaweza kuiandika wao.

Ruhusa ya kusema

Hewa si shamba lisilo na mwenyewe. Mawimbi hugawanywa na Umoja wa Kimataifa wa Mawasiliano, na kila nchi ina herufi zake za kuanzia majina ya wito: Kongo yetu ni 9Q, Tanzania 5H, Kenya 5Z, Uganda 5X. Anayetaka kutuma lazima apewe leseni na mamlaka ya nchi yake, na masafa ya setilaiti lazima yapatanishwe kimataifa kabla haijarushwa.

Kuna waliojaribu kupita pembeni. Januari 2018 kampuni changa ya Marekani iitwayo Swarm ilirusha kutoka India setilaiti nne ndogo sana, kila moja ikiwa robo ya mchemraba, ingawa mamlaka ya Marekani ilikuwa imeinyima ruhusa. Hofu ya mamlaka ilikuwa kwamba vitu vidogo kiasi hicho ni vigumu kufuatiliwa na vingeweza kugonga vingine. Mwisho wa mwaka huo kampuni ilikubali kulipa dola 900,000. Udogo, basi, una mpaka wake: aliye mdogo mno hata asionekane ni hatari kwa majirani.

Setilaiti nyingi za vyuo hutumia masafa ya wapenzi wa redio, ambayo ni ya bure kwa mwenye leseni. Masafa hayo yana sharti ambalo wanafunzi wa lugha watalipenda: hairuhusiwi kuficha maana ya ujumbe. Unaweza kufupisha, unaweza kutumia alama, lakini kamusi ya alama zako lazima iwe wazi kwa yeyote anayetaka kuisoma. Biashara hairuhusiwi. Kwa hiyo kimo cha mto kinafaa kutangazwa huko. Jina la mgonjwa na ugonjwa wake havifai. Kwa mambo hayo inatakiwa njia nyingine yenye leseni nyingine.

Kusikiliza ni rahisi kuliko kutuma. Kipokezi kidogo cha kuchomeka kwenye kompyuta hupatikana kwa dola 30 hivi. Antena inaweza kutengenezwa kwa bomba la plastiki na vipande vya mita ya fundi, naye msikilizaji akaishika mkononi na kuifuata setilaiti kwa kuielekeza angani. Kituo cha Kimataifa chenyewe husikika katika megahezi 145.800 wanaanga wanapozungumza na wanafunzi. Kuna pia mtandao wa kujitolea uitwao SatNOGS, ulioanzia Ugiriki, ambao vituo vyake vya duniani kote hurekodi setilaiti na kuweka rekodi hizo wazi. Kitivo cha sayansi na kitivo cha lugha wangeweza kuanza pamoja hapo, baada ya kuiuliza mamlaka yetu taratibu zake, kabla hatujafikiria kujenga chochote.

Kamusi ya baiti saba

Na sisi tungefanya nini? Nimejaribu zoezi dogo. Niliuandika ujumbe wa shangazi kama angeutuma leo: "Tafadhali tuleteeni mifuko sitini ya serumu, wagonjwa wa kipindupindu wanaongezeka." Ni herufi 82 pamoja na nafasi, yaani baiti 82. Kisha nikatunga kamusi. Baiti moja kwa jina la kituo, kwa kuwa baiti moja hutosha kutofautisha vituo 256. Baiti moja kwa kitu kinachotakiwa. Mbili kwa idadi, maana zinafika hadi 65,535. Moja kwa sababu. Mbili kwa hesabu ya ukaguzi. Jumla ni baiti saba. Pale ulipopita ujumbe mmoja, sasa zinaweza kupita zaidi ya kumi, na nambari sitini haiwezi tena kugeuka sita bila mtu kujua.

Hesabu hizo mhandisi angezifanya upesi kuliko mimi. Ugumu ulianza kwenye orodha ya sababu. Je, "wameanza kuugua" na "wanaongezeka" ni alama moja au mbili? "Dawa zimepungua" na "dawa zimekwisha" je? Nilipofika kwenye "mto umejaa" nilikwama kabisa. Kwa mvuvi wa kwetu hiyo ni habari ya msimu. Kwa mtu wa reli ni onyo. Kwa mwenye shamba la bondeni inategemea ni mwezi gani. Nikiweka alama moja, watatu hao watatuma alama ile ile wakimaanisha mambo matatu, na hesabu ya ukaguzi itasema kila kitu ni sahihi. Hesabu hulinda umbo la ujumbe. Maana inalindwa na mapatano ya watu waliokaa pamoja kabla ujumbe haujatumwa, na kwao mapatano hayo yatakuwa katika Kiswahili cha Kabalo, chenye Kiluba ndani yake, wala si katika Kiswahili cha kamusi peke yake. Kazi ya kuwaketisha watu hao, kuwasikiliza na kuandika walichopatana ni kazi ambayo kitivo chetu kinafundisha kila siku.

Nilipokwenda nyumbani likizo nilimwonyesha shangazi karatasi yangu. Sasa amestaafu na anavaa miwani. Alisoma orodha yote kwa kidole, kituo, kitu, idadi, sababu, akatikisa kichwa kukubali alipofika kwenye ukaguzi. Kisha akarudi juu, akaanza upya, kama anayetafuta kitu.

"Mwanangu," aliniuliza, "na *haraka* umeiweka wapi?"

Sikuwa nimeiweka. Kamusi yangu sasa ina baiti nane.